Keki Iliyolifuata Jua

Mdomo wa Mama Hamira ulikuwa na mbio kuliko miguu yake, na miguu yake haikuwa mizembe. Jina lile alipewa na majirani, wala si kwa sababu ya mikate aliyokuwa akiuza. Ni kwamba ukimgusa kidogo tu, anaumuka.

Basi kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake, mbele ya watu wazima na akili zao, shangazi wa bwana harusi akauliza kwa ule upole wenye miiba, "Na keki je, itatoka wapi?" Mama Hamira akaumuka mpaka akakaribia kugusa dari.

"Itatoka kwangu. Matabaka matatu. Nitaioka kwa jua."

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu aliyesimamia mitihani miaka thelathini, na mpaka leo alimtazama kila mtu kama ameficha karatasi kwenye soksi. Akavua miwani.

"Jua hili hili linalokausha nguo?"

"Hilo hilo, mkwe. Sina jingine."

"Bila mkaa?"

"Bila hata kaa moja la kuwashia sigara."

"Vizuri," alisema Shangazi, akarudisha miwani. "Ijumaa, mkesha wa harusi, saa kumi kamili ya alasiri, nitapita kuiona. Ikiwepo, nitanyamaza. Isipokuwepo, yupo mwokaji wangu, anangoja simu yangu tu."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Mama Hamira alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama aliyeshinda kesi, na alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba kesi yenyewe haijasikilizwa.

Haikuwa keki tu. Huyo mdogo wake alimlea yeye, tangu wazazi wao walipofariki wakiwa wamefuatana, mmoja Machi, mwingine Agosti. Aliuza maandazi, akamsomesha kwa maandazi. Siku mtoto alipotimiza miaka saba hawakuwa na kitu ndani ila andazi moja lililoungua upande. Mama Hamira akachomeka njiti ya kiberiti juu yake, akaiwasha, wakaimba. Mtoto akalitafuna lote, pamoja na weusi wake, akasema, "Siku nikiolewa utanipikia wewe. Asipike mtu mwingine." Miaka ishirini ilikuwa imepita na binti hakuwahi kuibadilisha kauli. Sasa keki ikishindikana, mwokaji wa Shangazi angeleta yake, na mdogo wake asingelalamika hata neno moja. Angetabasamu tu. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu.

Jiko lenyewe lilikuwa sanduku, nalo lilikuwa kubwa kama meza ya kulia chakula. Seremala aliliunda kwa mbao, kuta zake mbili mbili, na katikati akashindilia maranda ili joto lisipate njia ya kutorokea. Ndani likatiwa bati lililopakwa rangi nyeusi tii. Juu kifuniko cha kioo, na kando ya kioo mbawa nne za vioo vya kujitazamia, zinazolikusanya jua kutoka pembeni na kulimwaga ndani. Mwanga unapita kwenye kioo bila kubisha hodi, unalipiga lile bati jeusi, unageuka joto. Na joto likitaka kutoka linakuta mlango umefungwa. Mama Hamira alikuwa akiwaambia wateja, "Ni kama mgeni anayeingia kwako kwa tabasamu, ukamzuia mpaka aoshe vyombo." Alilipenda lile sanduku kuliko baadhi ya jamaa zake. Miaka ishirini ya moshi wa mkaa ilimwachia kikohozi cha lori linalopanda mlima. Miaka miwili ya sanduku ikakiondoa.

Mumewe, Fundi, yeye alikuwa mtu wa umeme. Alifunga paneli za sola kwenye mapaa ya watu, na nne alizifunga kwenye paa lao. Hizo ziliwasha taa, zilichaji simu, ziliendesha mashine ya kukorogea unga.

"Kwa nini paneli zako zisiendeshe oveni ya umeme tukapumzika?" mkewe alimuuliza zamani, kwa uchokozi.

"Mke wangu, katika kila madebe matano ya jua, paneli inapata debe moja tu la umeme. Kuligeuza jua kuwa umeme, halafu umeme kuwa joto, ni kuuza ng'ombe ili ununue maziwa. Unataka joto? Lichukue joto lenyewe, bichi."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyogawana jua: mume anakoroga, mkewe anaoka, na ugomvi wanaugawana nusu kwa nusu.

Ijumaa ikafika. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Hesabu haikuwa na mchezo: kila tabaka lilihitaji saa mbili na zaidi kidogo, sufuria ya kuokea ilikuwa moja, na siku yenyewe ina jua la keki tatu tu. La kwanza saa tatu asubuhi, la pili saa tano na ushei, la tatu saa saba na nusu.

Sasa, Mama Hamira alikuwa amezoea kuoka adhuhuri, jua likiwa utosini. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa bado liko pembeni, linajinyoosha. Fundi akaliangalia sanduku kwa jicho la kazi yake.

"Hili halilitazami jua. Linatazama mbinguni kama linaomba msamaha."

"Fanya unalojua basi, lakini fanya upesi."

Fundi akaleta matofali mawili, akayaweka chini ya sanduku upande wa nyuma, likainama kuelekea jua. Akatoa pima maji yake, kile kirungu cha kioo chenye tone la hewa ndani linalokaa katikati kitu kikilala sawa, akapima, akarudi hatua mbili, akajisifu mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsifu. "Hapo! Sawasawa na paneli. Jua linaingia uso kwa uso." Na kweli, kipimajoto kilipanda mbio: mia, mia na ishirini, mia na arobaini. Mama Hamira akatia sufuria ndani, akafunga, akamtumia mdogo wake salamu ya mdomo kwa simu: "Imeingia!"

Saa tano na robo akaitoa.

Kwanza hakusema kitu. Na Mama Hamira akinyamaza, mbwa wa mtaa mzima huacha kubweka wapate kusikia kuna nini.

Keki ilikuwa imeiva vizuri, rangi ya asali, inanukia vanila hadi barabarani. Ila upande mmoja ulikuwa na unene wa vidole vinne na upande wa pili vidole viwili. Ilikuwa imelala kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Fundi."

"Naam."

"Njoo uone ulichokifunga."

Fundi akaja. Akaweka pima maji juu ya keki, na lile tone la hewa likakimbilia ukingoni kama limetishwa.

"Uliliinamisha sanduku," mkewe alisema polepole. "Uji wa keki ukabaki umelala sawa, kama maji ya kwenye beseni. Sufuria ndiyo iliyoinama."

"Lakini paneli..."

"Paneli haina uji ndani, mume wangu!"

Wakatazamana. Fundi akafungua mdomo ajitetee, badala ya maneno kikatoka kicheko chembamba cha puani. Mama Hamira alitaka kuumuka, akashindwa katikati, akacheka mpaka akashika nguzo ya kamba ya nguo. Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa na unga na mayai ya matabaka mawili tu yaliyobaki. Akiisawazisha hii kwa kisu, nusu inakwenda; na Shangazi atasimama mbele ya matabaka mawili na kipande, ahesabu, aandike sifuri.

Alikaa kwenye ngazi, akavua ndara zake. Zilikuwa zile nene kisiginoni, nyembamba kwenye vidole. Alizichezea mikononi bila kuziangalia, moja juu ya nyingine, halafu akaziangalia. Akaigeuza ya juu, kisigino kikakaa kwenye vidole vya mwenzake, vidole vikakaa kwenye kisigino. Zote mbili zikawa bapa kama tofali.

"Fundi! Kimbia uone!"

"Nini tena?"

"Ya tatu tunaipinda makusudi! Kwa matofali yale yale! Ya asubuhi chini, ya mchana katikati, ya alasiri juu imegeuzwa kinyume. Nene juu ya nyembamba. Inakaa sawa!"

Fundi akazitazama ndara, akamtazama mkewe, akamwoa mara ya pili papo hapo moyoni mwake.

Tabaka la pili liliokwa adhuhuri, jua utosini, sanduku limelala sawa, matofali yamewekwa pembeni. Likatoka limenyooka kama mstari. Saa saba na nusu Fundi alikoroga ya tatu, mashine ikivuma kwa nguvu za paneli kama nyigu aliyepandishwa cheo. Sasa jua lilikuwa limevuka kwenda ng'ambo ya pili. Wakaligeuza sanduku, matofali yakarudi, likainama kwa kipimo kile kile cha asubuhi. Kipimajoto kikapanda. Mama Hamira akaanza hata kuimba.

Saa nane na nusu kivuli kikaingia uani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo linalojengwa. Wiki iliyopita lilikuwa na ghorofa tatu. Wiki hii mafundi walikuwa wamepandisha ya nne, na kwa kuwa Mama Hamira hakuwahi kuoka baada ya saa saba, hakujua kwamba jengo lile lilikuwa na miadi na ua wake. Kivuli kilipanda ukuta, kikala beseni, kikala kamba ya nguo, kikagusa bawa moja la kioo. Kipimajoto kikashuka: mia na thelathini na sita. Mia na thelathini.

"Ikipoa kabla haijashika katikati inazama," alisema. "Inakuwa bakuli."

"Jua liko wapi?"

"Nyuma ya lile jengo. Kwenye uwanja wa mpira."

"Basi twende nayo."

Sanduku lilikuwa na mipini mirefu ya mbao, mbele miwili na nyuma miwili, lakini kulibeba bila kulitikisa kulitaka watu wanne. Fundi akamwita kinyozi wa jirani. Kinyozi akaja na msaidizi wake na mteja mmoja, aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa na bado amefungwa shuka jeupe shingoni. Mama Hamira akalifunika sanduku kwa blanketi zito lililoshika joto, akabeba matofali mwenyewe. Warefu wakashika nyuma, wafupi mbele, ili lisiache kuinama. "Polepole," aliagiza. "Mkilitikisa tu, imekwisha. Hatua ndogo ndogo. Na asiongee mtu."

Wakatoka getini.

Jamani, hebu jiweke pembeni ya barabara ile. Unaona sanduku refu la mbao limefunikwa blanketi, linabebwa na watu wanne, kwa mwendo wa taratibu, kimya, nyuso chini. Na mmoja wao amejifunga shuka jeupe.

Lori likasimama. Dereva akazima redio. Muuza ndizi akashusha kapu lake tupu kichwani, akampokea Mama Hamira matofali, akayatia humo. Mzee mmoja akavua kofia. Wanaume wawili waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wakaacha, wakaja mbio, wakasema kwa sauti ya chini, "Tupokezaneni, ndugu zetu, mmechoka," na kabla Fundi hajajibu walikuwa wameshaingiza mabega.

"Asante," alinong'ona Fundi. "Ila msilinyooshe. Liinamie mbele."

"Ndivyo alivyousia?"

"Ndivyo... ndivyo inavyotakiwa."

Nyuma wakaanza kufuatana watu. Watano, kumi, ishirini. Mama Hamira akageuka mara moja, akaona msururu, na kicheko kikampanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka. Akauma mdomo. Akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika.

"Maskini," alisema mwanamke mmoja nyuma yake. "Mtazame. Alimpenda sana."

"Ni nani aliyetutoka?" mwingine alimuuliza yule mteja wa kinyozi.

"Wallahi sijui, dada. Mimi nilikuja kunyoa."

Walipofika kwenye kona ya jengo, teksi ilisimama kuwapisha. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mwanamke mrefu mwenye miwani. Alikuwa amekuja mapema saa nzima na zaidi, maana msimamizi wa mitihani hufika kabla ya karatasi. Akaona msafara, akajitanda kichwa, akaingia nyuma ya watu kwa heshima, akatembea ameinamisha uso.

Mama Hamira alimwona. Kicheko kikaisha papo hapo. Chini ya blanketi kulikuwa na sherehe ya mdogo wake, imeiva nusu, na mtu aliyekuja kuipima alikuwa anaisindikiza kama maiti.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa jua, jua la kumwaga. Wakatua sanduku taratibu katikati, matofali yaliyobebwa na muuza ndizi yakaingizwa chini, Fundi akapima. Watu wakazunguka, vichwa chini, wakingoja mtu aseme neno la kuaga. Mama Hamira akavuta blanketi.

Vioo vinne vilimeta kwa pamoja, watu wakarudi nyuma wamefumba macho. Kisha harufu ikatoka. Vanila, siagi, sukari iliyoanza kushika rangi. Watu themanini wakavuta pumzi, na hakuna aliyejua aziweke wapi pole zake.

Shangazi akapita katikati yao. Akasimama mbele ya kioo, akachungulia.

"Mkwe wangu," alisema. "Nimelia kuanzia pale kwenye teksi. Nimemlilia nani?"

"Keki, Shangazi."

"Keki."

"Ya tatu. Kivuli kiliingia uani, ikabidi tulifuate jua. Naomba usinikatie tamaa. Saa kumi bado."

Shangazi akaangalia saa yake. Akaangalia kipimajoto: mia na kumi na nane, kinaanza kupanda. Akageukia umati, na sauti ya miaka thelathini ikatoka yenyewe. "Wewe mwenye shati la kijani, unakinga jua! Rudi nyuma! Ninyi wa huku, hatua tatu! Hakuna kugusa, hakuna kunong'ona!" Themanini wakatii kama wanafunzi. Akavuta kapu tupu la ndizi, akaligeuza, akaketi juu yake, mgongo umenyooka. Aliketi hapo karibu saa nzima, na kila jua liliposogea kidogo alimnyooshea Fundi kidole kuashiria sanduku lizungushwe.

Saa tisa na dakika arobaini Mama Hamira akafungua, akachoma keki kwa kijiti. Kikatoka kikavu. Umati ukapiga kelele kama bao limeingia. Lakini Shangazi alikuwa ameshaiona.

"Imepinda."

"Imepinda, Shangazi. Inatakiwa ipinde."

"Mimi nimesimamia watu wengi waliokosea wakasema walikusudia."

"Basi twende nyumbani ukasahihishe mwenyewe."

Wakarudi, sasa kwa vigelegele, Mama Hamira mbele na sufuria yake, sanduku tupu likiruka ruka mabegani kwa kuwa halikuwa na siri tena. Sebuleni Mama Hamira akapanga mezani: ya asubuhi chini, akaipaka siagi ya sukari, ya mchana juu yake, nayo ikalala imeinama vile vile. Dirishani nyuso zilibanana. Akachukua ya alasiri, iliyokuwa imepoa kiasi cha kushikika. Akaizungusha mpaka upande mnene ukaja juu ya bonde, akaiteremsha taratibu, akaiachia.

Fundi akanyoosha mkono na pima maji. Shangazi akamnyang'anya.

Akaiweka mwenyewe. Tone la hewa likaenda kushoto, likafikiri, likarudi kulia, likasimama katikati ya mistari miwili, kidogo sana upande wa kushoto, upana wa unywele. Shangazi akaigeuza pima maji upande wa pili, maana hakuna mtihani wa swali moja. Likasimama tena.

"Asubuhi na alasiri," alisema polepole. "Jua lile lile."

"Lile lile. Sina jingine."

Shangazi akaokota makombo yaliyoanguka mezani, akayatia mdomoni, akatafuna macho yakiwa yamefumba. Halafu kitu kikaanza kumtikisa mabega, wakadhani analia tena. Hakuwa analia. Alicheka kicheko cha mtu aliyekikalia tangu ujana, cha kukoroma na kupiga meza, mpaka Fundi akaikumbatia meza isije ikaangusha kazi ya siku nzima. Alipopata pumzi, akafuta machozi kwa kona ya mtandio, akatoa simu.

Mama Hamira aliketi sakafuni, miguu mitupu, akasikiliza.

"Haloo? Ndiyo, mimi. Usiwashe oveni yako." Shangazi akasikiliza. "Hapana, ipo. Nimeiona kwa macho yangu... Sauti yangu? Aa, nimetoka kwenye msiba, mwanangu... Asante, asante, nimeshapoa. Hapana, usije kutoa pole. Njoo kesho, njoo na sahani."